Kumi na Mmoja, Mwanamke Hakuna

Athanasie hakuwa na simu. Hakuwa na kadi ya mpiga kura, kwa sababu yake iliungua kijijini Kashebere pamoja na nyumba, na bila kadi hiyo hakuna anayekuuzia laini ya simu kwa jina lako. Hakuwa na meza. Hakuwa na diploma. Aliacha masomo katika mwaka wa nne wa sekondari, mwezi mmoja kabla ya mitihani. Hakuwa na shamba hapa Kashuga, kambi ya waliokimbia vita, ila mistari michache ya maharage kwenye ubavu wa kilima cha mtu mwingine. Hakuwa na mama, wala kaburi la mama. Na katika kurasa mia mbili na kumi na mbili alizoziandika kwa mkono wake kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, ile inayoandikwa bure na watu wa kujitolea wa dunia nzima, hakuwa na jina hata katika ukurasa mmoja.

Jina lililokuwa pale lilikuwa la mume wake, Evode.

Mwanzoni hapakuwa na hila. Simu ilikuwa ya Evode, na laini iliandikishwa kwa kadi ya Evode. Siku Athanasie alipofungua akaunti, simu ilimuuliza jina, naye akajibu kwa uaminifu jina la mwenye simu, kama vile pale kilimani watu wanavyoandika kwenye kidumu cha maziwa jina la mwenye ng'ombe, si la aliyekamua. Wanawake wengi wa kambi ile wangefanya hivyo hivyo.

Kila asubuhi Evode alibeba vidumu kutoka malishoni hadi kwa mtengeneza jibini, na simu aliiacha nyumbani kwa kuogopa isimwagikiwe na maziwa. Saa nne Athanasie alipanda kilima kutafuta kuni. Pale juu, karibu na kisiki cha mkaratusi, palikuwa na rezo, mtandao wa simu. Alikaa juu ya kisiki, kikapu miguuni, daftari pajani, akaandika. Aliandika aina za maharage na majina yake. Aliandika namna ya kuloweka muhogo hadi sumu itoke, mito yote inayoshuka kutoka Walikale, na ugonjwa unaokausha chuchu za ng'ombe. Kwenye chemchemi wanawake walimwambia, "Andika na ile," naye akaandika na ile.

Ukurasa wa mia mbili ulikuwa wa mama yake. *Verdiane alikuwa mkunga wa Kashebere. Alizalisha watoto zaidi ya mia tisa. Alipoteza akina mama wawili, na kila Jumapili aliwataja kwa majina katika sala.* Verdiane alikufa njiani siku ya kukimbia, akazikwa na watu wasiomjua, mahali ambapo hakuna aliyeweza kurudi kupaonyesha. Kwa hiyo ukurasa ule ndio uliokuwa mahali pekee ambapo binti yake angeweza kwenda kumtembelea.

Jumatano moja Athanasie alishuka kilimani bila kuni.

"Papa Tuyizere," alimwambia mumewe, aliyekuwa akiosha vidumu mbele ya nyumba ya turubai, "bako nakuja."

"Banani?"

"Kilabu ya Goma. Bale ba kamusi. Jumamosi, hapa kwa kanisa. Banaleta kompyuta."

"Ya nani?"

"Ya muandishi mwenye alishaandika mingi kupita bote ba Masisi na Walikale."

"Ni nani huyo?"

"Ni weye."

Ndani ya nyumba mama mkwe, Umurerwa, alicheka hadi akakohoa. "Evode? Huyu mwenye anaandikaka jina yake kama muntu anachimba kaburi?"

Evode naye alicheka. Kisha akaacha, akapangusa mikono kwenye suruali, akasema, "Soma."

Athanasie alisoma. Barua, iliyofika kwenye simu, ilikuwa ya katibu wa kilabu, aitwaye Élie, na iliandikwa kwa adabu. Ilimpongeza Papa Evode. Ilisema kwamba kilabu kimehesabu waandishi wa Masisi na Walikale, na wote ni kumi na mmoja, mwanamke hakuna. *Jambo hili linatuhuzunisha. Siku hiyo tutazungumza na wanakanisa tujue kwa nini mama zetu hawaandiki.*

"Nitabaambia," alisema Athanasie. "Ile siku nitabaambia ni miye."

"Mbele ya nani?"

"Ya bote."

Evode aliinua kidumu, akakitazama ndani kama kuna kitu kimebaki chini. "Mbele ya pasta? Mbele ya shefu wa kambi, na patron wangu, ule mwenye jibini? Unajua patron ananiita namna gani tangu Pasaka? Papa Muandishi. Miye, mubeba maziwa! Kwa Kashebere nilikuwa na mashamba mbili na mbuzi kenda. Batu balikuwa banatoka njiani nipite. Hapa niko nani? Kitu moja tu batu banaheshimu kwangu, njo hii. Na unataka kuikamata."

"Na miye niko nani?"

"Weye uko bibi yangu. Kila muntu anajua."

"Kamusi haijue."

"Athanasie." Hakuwa na kawaida ya kumwita kwa jina. "Nani alikupatia simu? Nani anabeba maziwa, mega za simu zinapatikana? Bwana mwengine angeivunja juu ya jiwe. Miye nilikuacha uandike."

Hilo lilikuwa kweli. Athanasie alirudi kilimani kuchukua kuni alizozisahau.

Lakini neno lile lilimkaa moyoni kama mwiba wa samaki: mwanamke hakuna. Alihesabu siku. Kama angejiandikisha upya kesho, kwa jina lake, Jumamosi wangekuta mwanamke mmoja, na Evode angebaki na kurasa zake na heshima yake. Hakuna ambaye angeaibika. Basi siku ya Alhamisi, juu ya kisiki, kwa simu ile ile, alifungua akaunti ya pili, akaandika *Athanasie wa Kashebere*. Aliyatazama maneno hayo muda mrefu. Kazi ya kwanza aliyoifanya kwa jina hilo ilikuwa kuongeza sentensi moja kwenye ukurasa wa mama yake: mwaka aliokufa.

Ijumaa alikuta maandishi mekundu. Wasimamizi wa kamusi walikuwa wameona akaunti mbili zikitoka kwenye simu moja, zikiandika kwa mtindo mmoja, ya pili ikishika kazi ya ile ya kwanza. *Akaunti hii imefungwa. Inamwiga mwandishi Evode.* Na kwa kuwa jicho lilikuwa limeshavutwa pale, ukurasa wenyewe ulipimwa pia. Juu ya jina la Verdiane palikuwa na kisanduku: *Mtu huyu hana chanzo chochote kilichochapishwa. Ukurasa utafutwa.*

Athanasie aliufunika uso kwa kitenge. Mchungaji wa ng'ombe aliyepita pale alidhani anasali, akavua kofia.

*

Jumamosi kanisa lilijaa. Kwa kuwa wageni walitoka mbali, kamati ilikuwa imewaomba wanawake wapike, na jina la Athanasie lilikuwa katika orodha ya bugali. Kwa hiyo wakati mume wake, amevaa koti la kuazima lililomfika magotini, alipokaa kiti cha mbele, yeye alikuwa nyuma ya kanisa, chini ya dirisha, akisonga unga wa muhogo katika sufuria kubwa.

Aliyasikia yote kupitia dirisha.

Élie alikuwa kijana mwenye miwani na sauti nzuri. Alisema anasikitika. Katika nchi zote, alisema, wanaoandika kamusi hii ni wanaume wengi na wanawake wachache mno, na matokeo yake kamusi inajua kila bunduki na kila timu ya mpira, haijui namna mtoto anavyozaliwa. "Mama zetu hawapendi kuandika," alisema. "Tufanye nini ili wapende?"

"Bapunguziwe kazi!" alipaza sauti mwanamke mmoja kutoka nyuma, na watu wakacheka.

"Bugali inaungua," alinong'ona Noëlla, jirani yake, aliyekuwa akikata sombe, majani ya muhogo. "Mama Tuyizere, songa. Uko unatazama nini?"

"Nasikiliza."

Kisha Élie akasema atasoma kidogo, watu wasikie Papa yao anavyoandika. Akasoma ukurasa wa muhogo. Athanasie alisikia sentensi zake zikitoka dirishani moja baada ya nyingine, safi, kila moja mahali pake. *Muhogo mchungu huua mtu mwenye haraka.* Watu walipiga makofi. Patron wa jibini alisema kwa sauti kubwa, "Huyu njo anabebaka maziwa yangu!" Mkono wa Athanasie ulikuwa ndani ya mvuke, ukisonga ule muhogo wenyewe.

Kompyuta ilitolewa ndani ya boksi, Evode akaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto wa kubatizwa. Mambo yangeishia hapo kama Élie asingekuwa mtu makini.

"Papa Evode, kuna jambo moja. Ule ukurasa wa mkunga, Mama Verdiane. Ni mzuri sana, lakini uko hatarini. Habari zake ulizitoa wapi?"

Evode alivuta mikono ya lile koti.

"Nilisikiaka," alisema Evode.

"Kwa nani?"

"Kwa batu."

"Kuna kitabu? Gazeti? Karatasi yoyote?"

Evode aligeuza shingo polepole, akaangalia dirishani. Macho yake yalikutana na ya mke wake. Alikuwa akiomba msaada, na wakati huo huo alikuwa akimwomba asije.

Athanasie aliweka mwiko chini. Alizunguka kanisa, akaingia kwa mlango mkubwa, unga hadi kwenye viwiko, akapita katikati ya viti.

"Ni mama yangu," alisema. "Ni miye niliandika. Hiyo, na muhogo, na mito, na yote. Ni miye."

Élie alivua miwani. "Mama, jina lako nani?"

"Athanasie."

"Athanasie wa Kashebere?" Aligeukia wenzake, kisha akamgeukia tena, kwa upole kabisa. "Mama, hiyo akaunti tunaijua. Ilifungwa jana kwa kumwiga Papa Evode. Kumbe ni bwana yako unayemwiga?"

Kanisa zima lilicheka. Hawakucheka kwa ubaya. Ilikuwa siku ya furaha, na mzaha ulikuwa umefaa. Pasta alicheka. Patron alijipiga paja. "Nyumba moja, baandishi mbili, na jogoo moja!" alisema mtu.

Athanasie alimtazama mume wake. Élie pia alimtazama. "Papa, ni kweli anavyosema?"

Evode alikumbatia boksi. Jasho lilimtoka chini ya lile koti.

"Ananisaidiaka," alisema. "Kufinya-finya simu. Macho yangu haione muzuri."

Élie akaandika kitu kwenye karatasi yake. Alimwambia Athanasie kwamba ni vizuri kumsaidia mume, na kwamba asikate tamaa, siku moja ataandika na yeye. Kuhusu ukurasa wa mkunga, kilabu kingekaa siku ya Alhamisi na kuamua. Inahitajika karatasi yenye chapa na muhuri, si maneno ya mdomo. Kama ikipatikana kabla ya Alhamisi, sawa. Isipopatikana, kanuni ni kanuni.

"Asante," alisema Athanasie. Akarudi kwenye sufuria. Bugali ilikuwa imeungua upande mmoja, na mwanamke wa kamati alimsema mbele ya watu.

*

Siku mbili Evode na mkewe walipishana mlangoni. Boksi lilikaa juu ya magunia, limefunikwa kwa shuka. Evode aliondoka mapema kuliko kawaida na kurudi akiwa amechelewa. Jumapili mnara wa simu ulinyamaza, watu wakasema ni mafuta yamekwisha, na hata kisiki cha mkaratusi hakikuwa na rezo tena.

Jumatatu Umurerwa hakuvumilia.

"Mukamwana. Banasema batamufuta Verdiane."

"Ndiyo, Mama."

"Alishakufa. Batamufuta namna gani tena?"

Athanasie alimweleza. Mama mkwe hakujua kusoma, lakini aliuliza maswali ya mtu aliyezoea kesi za mashamba. Nani anafuta? Anataka ushahidi gani? Nani alisema mdomo haufai?

"Banataka karatasi, Mama. Yenye chapa na muhuri. Na miye karatasi sina. Nyumba yote iliungua."

"Karatasi?" Umurerwa alikunja uso. "Sisi tuliacha sufuria, tuliacha mbuzi, tuliacha na biatu. Kitu tulikimbia nayo njo karatasi za batoto."

Alifungua fundo la kitenge kiunoni. Ndani ya fundo palikuwa na mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko fishi, karatasi ya kuzaliwa, ya Tuyizere, mjukuu wake. Kila mama wa kambi ile alikuwa na fishi ya kila mtoto, kwa sababu siku ya kugawa chakula mtoto asiye na fishi hahesabiwi. Athanasie alikuwa ameionyesha ile karatasi kwenye meza za wagawaji mara nyingi asizoweza kuzihesabu. Sikuzote alitazama jina la mtoto tu. Sasa alisoma hadi chini. Pale, juu ya muhuri wa kituo cha afya, kulikuwa na mstari uliopigwa chapa, *Aliyezalisha*, na mbele yake kwa wino wa buluu: *Verdiane*.

Alikaa chini kwenye udongo.

"Nini?" aliuliza Umurerwa. "Iko mubaya?"

"Hapana, Mama. Iko muzuri."

Habari ilienda chemchemini, na kutoka chemchemini ilipanda kambi yote. Hadi Jumanne mchana wanawake wa Kashebere walikuwa wamejipanga mbele ya nyumba, kila mmoja na plastiki yake. Athanasie aliona fishi arobaini na tatu zenye jina la mama yake. Nyingine zilikuwa na madoa ya maziwa, nyingine zimekunjwa hadi mikunjo imekuwa matundu. Aliandika majina yote katika daftari.

Lakini majina katika daftari ni mdomo tu ulioandikwa. Mashine ya fotokopi ya Kashuga ilikuwa imelala bila wino. Jicho la simu ya Evode lilikuwa limepasuka, halioni ila ukungu. Ilibaki njia moja, kupeleka Goma karatasi zenyewe. Na chakula kingegawiwa Ijumaa.

Athanasie hakuwaficha. "Zitaenda kesho na moto, pikipiki ya kwenda Goma. Kama njia iko muzuri, zitarudia mbele ya Ijumaa. Kama njia iko mubaya, sijuwe."

"Na kama hazirudie?" aliuliza mmoja.

"Mutoto wako hatahesabiwa."

Wanawake walitazama chini. Mmoja baada ya mwingine walikunja plastiki zao. "Utusamehe, Mama Tuyizere." "Mama yako alinizalisha tatu, lakini bale tatu banakula." Hakuwalaumu. Angefanya vile vile.

Noëlla alibaki. Alikuwa na watoto watano. Alizipekua fishi zake kama mtu anayechagua kuku wa kuuza, akatoa moja. "Kamata ya huyu mukubwa. Anakulaka mingi, lakini anajua kuiba biazi."

Walicheka wote wawili, na Noëlla akapangusa macho. Baada yake walirudi wengine. Jioni fishi zilikuwa nane.

"Tisa," alisema Umurerwa, akaweka ya Tuyizere juu.

"Hapana, Mama."

"Mutoto wako njo akosekane kwenye mambo ya mama yako? Batu batasema nini?"

Tuyizere, ambaye alikuwa na miaka kumi na miwili na tayari alifahamu mambo, aliitazama karatasi yake juu ya lile rundo kama alivyozoea kuitazama sahani.

Athanasie alianza barua. Aliandika juu ya gunia la majani, kwa mwandiko wake wa shule, mistari iliyonyooka. Alipofika mahali pa shahidi kalamu ilisimama. Desturi ya kwao haimruhusu mke kulitaja jina la mama mkwe, na katika miaka kumi na minne ya ndoa halikuwa limetoka mdomoni mwake hata mara moja.

"Juu ya nini umesimama?"

"Banataka jina ya shahidi, Mama. Na weye njo ulimuona kazi yake."

Mama mkwe alifikiri. "Mudomo ni mudomo," alisema. "Karatasi ni karatasi. Andika."

Athanasie akaandika *Umurerwa*, herufi moja moja, bila kusogeza midomo. Mama mkwe alichovya kidole gumba kwenye masizi ya sufuria, akakikandamiza pale alipoonyeshwa.

*

Jumatano asubuhi, kabla ya kwenda malishoni, Evode alisimama mlangoni.

"Ile barua iko wapi?"

Athanasie alimpa. Alidhani ataipasua, na alikuwa ameshakariri maneno yake yote aweze kuiandika tena. Evode alikwenda penye mwanga, akasoma kwa kidole, polepole, kama anavyopita mtu kwenye daraja la miti. Alifika katikati akarudi nyuma, akasoma tena.

"Hapa unaandika nilikupatia simu."

"Ndiyo. Ulinipatia."

"Unaandika ni weye ulichagua kutumia jina yangu, na miye sina kosa."

"Ndiyo."

"Ile yenye nilisema kanisani haimo."

"Haimo."

"Juu ya nini?"

"Juu weye ni baba ya mutoto wangu, na tunakaa chumba moja."

Evode aliketi juu ya kidumu. Kwa mbali ng'ombe walikuwa wanalia, wamechelewa kukamuliwa.

"Bakisoma hii, batakamata kompyuta."

"Naona vile."

"Na patron atajua."

"Atajua."

"Basi batu habatatoka tena njiani nipite," alisema, lakini hakuwa akimwambia yeyote. Kisha akanyoosha mkono. "Kalamu."

Aliandika chini ya maneno yote, ulimi umebanwa kwenye meno, akichimba kwa nguvu hadi kalamu ikatoboa karatasi mahali pawili. Mama yake alimtazama bila kufanya mzaha. Kwa jina la Evode dunia ilikuwa imesoma kurasa mia mbili na kumi na mbili. Haya ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza aliyoyaandika mwenyewe: *Nilidanganya. Ni yeye.* Akaweka sahihi.

"Usisome hii mbele ya batu," alisema.

Athanasie hakuahidi. Evode alibeba vidumu vyake akaondoka, na kutoka mlangoni walimwona akishuka njia ya nyuma, ile isiyopita kwa patron.

Samy, dereva wa moto, alikuwa anasubiri barabarani, injini inanguruma, na mawingu yalikuwa yameshakaa juu ya vilima vya upande wa Masisi. "Mama, barua? Batu banatumaka message siku hizi!"

"Rezo iko wapi?"

"Kweli. Lakini fanya mbio. Mvua ikinikuta njiani nitalala njiani."

Bahasha haikuwa na gundi. Athanasie aliingia ndani, akafunua sahani iliyofunikwa. Palikuwa na kipande cha bugali kilichobaki jana.

"Usimalize," alisema Umurerwa. "Ni ya mutoto."

Athanasie alikata kiasi cha punje ya haragwe. Alikilainisha kwa mate na kidole hadi kikawa uji mzito, akapaka ukingo wa bahasha kutoka kona hadi kona, akaukunja juu ya barua na zile fishi tisa, akaukandamiza kwa kiganja akihesabu hadi hamsini. Mbele aliandika jina la Élie, katibu. Nyuma, mahali pa mtumaji, aliandika: *Athanasie, mwandishi, Kashuga.*

Samy aliifunga ndani ya plastiki, akaiingiza chini ya koti lake, kifuani. "Nibaambie nini?"

"Baambie baisome leo. Kesho banakaa."

"Na kama nikifika nakuta balishakaa?"

Athanasie alishika usukani wa moto, kama mtu anayeweza kuuzuia. "Baambie banirudishie karatasi za batoto," alisema. "Ata kama balishamufuta, banirudishie karatasi."

Akaachia. Samy alipiga gia, moto ikashuka kuelekea barabara kuu huku tone la kwanza la mvua likipiga turubai.